Karani wa Pande Nne

Ofisini kwao hakuna aliyemwita kwa jina la baba yake wala la mama yake. Aliitwa Pande Nne, naye akaitika. Mgeni akifika kumtafuta karani wa vipimo vya mashamba, mlinzi wa getini alimnyooshea kidole chumba cha mwisho kwenye ukumbi akamwambia, "Nenda kwa Pande Nne, ndiye mwenye mashine yake."

Mashine yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya ofisi, tena kuukuu, yenye feni iliyokohoa kila ilipowashwa. Kilichokuwa chake ni kilichokuwamo ndani. Miaka kumi na miwili nyuma, alipokuwa na miaka thelathini na minne na nywele zote kichwani, ofisi ilimpeleka mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu. Wenzake waliokwenda naye walirudi wakijua kuandika barua na kucheza karata kwenye kioo. Yeye alirudi na programu aliyoiandika mwenyewe, mistari arobaini na mitatu, hakuiiba kwa mtu. Ukiiwasha ilikupa orodha: moja mraba, mbili mstatili, tatu pembetatu, nne duara, tano pande nne, sita kutoka. Unachagua namba, inakuuliza kipimo kimoja kimoja kwa adabu, nawe unajibu. Kisha inakuandikia: ENEO NI kadhaa MITA ZA MRABA. AHSANTE.

Hiyo ahsante ndiyo iliyowamaliza watu. Walishazoea ofisi isiyowajibu hata salamu, leo kuna kitu humo ndani kinawashukuru! Wapo waliokuja na shamba moja wakaomba lipimwe mara mbili, basi tu waione.

Lakini kilichompa jina ni ile namba tano. Kabla yake, kupima shamba lisilo mstatili kulikuwa shughuli. Mshika tepu na mwenzake ilibidi wapite katikati ya mazao, kona hadi kona, wakikanyaga mahindi ya watu, na wenye mahindi wakiwatukana mpaka wazazi waliokwisha kuzikwa. Halafu karani alikaa siku nzima na penseli akiligawa shamba pembetatu mbili na kulihesabu. Namba tano ilifuta yote hayo. Iliomba pande nne basi, nazo unazipima ukitembea mpakani na viatu vyako visafi. Ndani kwa ndani, ilichukua upande na ule unaotazamana nao, ikajumlisha, ikagawa kwa mbili. Ikafanya vivyo hivyo kwa pande zilizobaki. Kisha ikazidisha majibu hayo mawili. Ukiiangalia haraka haraka, ilikuwa na sura ya haki kabisa. Shamba lililokuwa likila siku mbili sasa lilimalizika kabla chai haijapoa. Mkuu wa ofisi wa wakati ule alimpa Pande Nne cheti chenye fremu, mkewe akakitundika sebuleni, na kila Jumamosi akawa anakipangusa vumbi kwa kitambaa chake maalumu.

Sasa, mtu akishapewa cheti hutafuta pa kukitumia, na Pande Nne hakwenda mbali. Mwaka ule ule baba yao alifariki akaacha shamba moja na watoto watatu: kaka mkubwa, dada wa katikati, na yeye kitinda mimba. Pande Nne alisema hataki kitu, yeye ana kalamu yake inamtosha. Kwa hiyo wakabaki wawili wa kugawana, naye akawa mtu wa katikati asiye na lake. Kaka alitaka upande wa juu, ulionyooka kando ya barabara. Dada akaachiwa upande wa chini, unaofuata kijito, na kijito hakikwenda sawa na barabara. Kiliburuta shamba kikalilaza ubavu.

Dada alisimama mpakani mikono kiunoni. "Hili la kwangu naliona dogo," alisema.

"Ndiyo umeanza," kaka akasema.

Wajomba wakataka yapimwe kwa hatua. Shangazi akasema hatua za nani, maana wajomba wenyewe wanapishana miguu. Ndipo Pande Nne alipovimba kichwa, na mimi simlaumu sana, hata wewe ungevimba. Aliwaambia waache kugombana, kesho atakuja na mshika tepu na kompyuta itaamua. "Kompyuta haina shangazi wala mjomba," alisema, na watu wakacheka, ubishi ukaishia pale.

Kesho yake walipima. Shamba la kaka: mita themanini, sitini, themanini, sitini. Shamba la dada: themanini, sitini, themanini, sitini. Namba tano ikatoa elfu nne mia nane huku, elfu nne mia nane kule. Dada aliitazama ile karatasi, akalitazama shamba, akarudi kwenye karatasi.

"Basi ni macho yangu," alisema. Akacheka, akatia sahihi.

Ikawa utani wa ukoo. Anayelalamika kwamba amepakuliwa kidogo aliambiwa ana macho ya dada, na dada mwenyewe alicheka kuliko wote. Huyo dada, ifahamike, ndiye aliyeacha shule darasa la nne mama yao alipougua, akambeba Pande Nne mgongoni mpaka akajua kutembea. Pande Nne hakulisahau hilo hata siku moja. Kila alipopita kumsalimu alijisifu moyoni kwamba angalau katika urithi alihakikisha dada yake hakupunjwa.

Miaka ikaenda. Nywele zikampungua, mkuu mmoja akaondoka, mwingine akaja, programu ikabaki ile ile. Halafu mwaka huu ikashuka amri kwamba mashamba yote yaliyomo kwenye mafaili yahamishiwe daftari la kudumu. Likishapigwa muhuri, shamba haliguswi tena, mpaka wake umekuwa mpaka milele na milele, mwenye neno aende mahakamani akaote mvi huko. Zamu ya mtaa wa kwao ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatatu ya wiki hiyo mlango wa chumba chake uligoma kufungwa. Akaitwa seremala, mwanamume mmoja mfupi mwenye mdomo mrefu, akatandika mbao zake barazani na kuunda fremu mpya. Alipigilia vipande vinne, misumari bado hajaikaza, kisha akavuta tepu kutoka kona moja ya fremu hadi kona ya pili kwa mshazari.

Pande Nne alikuwa dirishani na kikombe chake. "Fundi, hapo katikati unapima hewa? Si umeshapima mbao?"

"Napima kona kwa kona, bosi."

"Za nini? Una pande nne, unajua urefu wa kila mmoja. Unataka nini tena?"

Seremala alimtazama kwa huruma, mtazamo ambao Pande Nne mwenyewe aliwatazama nao watu wasiojua kompyuta. "Pande nne peke yake si kitu, bosi. Njoo uone." Akaweka mguu juu ya fremu, akaisukuma pole pole. Fremu ikalala. Akaisukuma tena, ikalala zaidi, mbao mbili ndefu zikasogeleana mpaka paka angepita kwa taabu. "Mbao si zile zile?"

"Zile zile."

"Kuna niliyoikata?"

"Hujakata."

"Haya, pitisha kichwa chako hapo kwenye mlango wako wa pande nne." Seremala akaangua kicheko. Alikuwa anapenda sana mzaha huo, inaelekea aliufanya kila kazi.

Pande Nne hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akafungua namba tano, akaingiza urefu wa zile mbao. Ikatoa eneo la mlango mzima, mtu mzima apite na mzigo kichwani. Akachungulia nje: fremu bado ililala pale pale, imebana. Akaingiza tena, jibu likawa lile lile. Kompyuta haikuwa na kosa, iliulizwa ikajibu. Yeye ndiye hakuiwekea swali la tano. Kwa miaka kumi na miwili haikumwuliza mtu yeyote kona hadi kona, kwa sababu yeye alitaka watu wasikanyage mahindi.

Akakaa. Mashamba yaliyonyooka hayakuwa na neno, hilo alilielewa upesi. Ni yale yaliyolala, nayo yote yaliandikiwa zaidi ya yalivyo. Hakuhitaji kufikiri sana kupata shamba lililolala.

Jumanne alichagua saa ambayo dada amekwenda kliniki, akamchukua mshika tepu, wakaingia shambani kwa njia ya nyuma kama wezi. Kwa kaka, kona hadi kona ilikuwa mita mia moja kamili. Kwa dada ilikuwa sitini. Akakaa juu ya jiwe kando ya kijito, akatoa penseli, akaligawa shamba pembetatu mbili kama walivyokuwa wakifanya zamani. Akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Elfu tatu mia tano sabini na saba. Dada yake alikuwa amepoteza robo ya shamba, robo nzima, na aliyempotezea ni yule yule aliyebebwa naye mgongoni.

"Vipi, mzee?" mshika tepu aliuliza.

"Hamna kitu," alisema Pande Nne.

Jumatano aliingia kwa mkuu wa ofisi, mama wa makamo aliyehamia pale mwaka juzi, akamweleza yote bila kujificha. Alileta na vijiti vinne alivyovifunga kwa uzi kwenye kona, akavilaza juu ya meza. Mkuu alielewa mara moja. Hilo lilimuumiza zaidi, maana alitumaini atabishiwa kidogo.

"Mashamba mangapi yamepita namba tano?" mkuu aliuliza.

"Elfu moja mia tisa na ushee, mama."

"Yote yamekosewa?"

"Yaliyolala tu."

"Na yaliyolala utayajuaje?"

"Mpaka tukayapime upya. Kona hadi kona."

"Na nani?"

Ofisi nzima ilikuwa na mshika tepu mmoja, naye magoti yanamsumbua.

Mkuu alivua miwani, akayafikicha macho yake. "Mimi siwezi kwenda juu kuwaambia kwamba mafaili ya miaka kumi na miwili hayafai. Watayafunga yote, na watu wote elfu mbili watakaa bila hati, walionyooka na waliolala. Lakini hili la dada yako nakupa njia. Yeye na kaka yako wakija hapa kabla ya Ijumaa saa sita, wakatia sahihi wote wawili kwamba mpaka usogezwe, nitausogeza kwa mkono wangu. Mmoja akikataa, mikono yangu imefungwa, ndugu yangu. Litaingia lilivyo."

Jioni hiyo Pande Nne alihesabu. Ili mashamba yalingane kweli, kaka angetoa ukanda wa mita saba na nusu na ushee, urefu wote wa mpaka. Hakuhitaji tepu kujua kilichopo hapo. Ukuta wa nyumba ya kaka ulikuwa mita tatu kutoka mpakani. Ukanda huo ungepita jikoni, ungepita chumba cha watoto, ungemeza na kisima.

Alhamisi alikwenda hivyo hivyo, amepiga moyo konde. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na laiti angepiga.

"Bwana mdogo," alisema, "siku ile ni nani aliyeleta kompyuta? Mimi niliiomba?"

"Hapana, kaka."

"Wajomba walitaka kupima kwa hatua. Ni nani aliyewakataza?"

"Mimi."

"Nimejenga juu ya neno lako. Kila tofali la nyumba hii nimelipanga nikijua mdogo wangu, msomi, amesema hapa ni kwangu. Leo unakuja na penseli unaniambia nibomoe."

"Si kubomoa. Hata mita tatu, kaka, mpaka ukutani. Ukuta hatutaugusa."

"Nikitoa tatu nimekubali saba. Wanangu watakuja kubomolewa na wana wa dada yako mimi nikiwa kaburini." Akanyanyuka, akamshika bega, si kwa ubaya. "Umemwambia?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Anaishi vizuri bila kujua. Kumwambia kitu asichoweza kukibadilisha ni kumtesa bure."

Pande Nne alirudi nyumbani akiwa hana mbele wala nyuma. Kila aliyemfikiria alikuwa na haki yake mkononi, hapakuwa hata na mtu wa kumchukia ili apumue. Chakula alikiacha mezani. Mkewe alimwuliza kama anaumwa, akasema tumbo.

Ijumaa saa tano dada alifika ofisini amevaa gauni lake la kwendea mahali pa maana, mwavuli kwapani. Tangu asubuhi alikuwa amewaambia majirani kwamba leo jina lake linaingia kitabuni. Kaka alishakuja mapema, ametia sahihi kwamba lake liingie lilivyo, ameondoka bila kugeuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda ghafla? Huko kwenu hampiki?"

Alipanga kumtii kaka. Alikuwa ameyapanga maneno yote: atampa kalamu, atamwonyesha mstari, atamsindikiza getini. Lakini dada alipokaa kwenye kile kiti cha wageni na kuiweka mikono yake juu ya meza, mikono iliyopasuka mpaka kwenye viungo vya vidole, maneno yalimtoka yenyewe. Alimweleza yote: fremu, kona hadi kona, elfu tatu mia tano sabini na saba, mkuu, kaka. Alimaliza akiwa anaitazama meza.

"Robo?" dada aliuliza.

"Robo na zaidi kidogo, dada. Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Bwana shamba anapotugawia mbegu, anatupimia kwa namba gani?"

"Kwa iliyomo kwenye faili. Elfu nne mia nane."

Dada alifumba macho. "Ndiyo maana zinabaki," alisema. "Kila msimu zinabaki. Napanda mpaka mwisho wa shamba, natazama kikapuni, mbegu bado ninazo. Msimu wa kwanza nikasema nimepanda mbali mbali. Wa pili nikasogeza mashimo. Wa tatu nikasogeza tena, ili ziishe. Mahindi yakabanana, yakatoka membamba, hayana kitu. Bwana shamba akanisema mbele ya wenzangu, mbegu zile zile, kaka yako anavuna magunia, wewe mabua. Nikasema basi, mkono wangu mbaya. Nimeombewa huu mkono, mdogo wangu. Nimeombewa mara mbili."

Pande Nne alikuwa ametayarisha majibu ya matusi na ya machozi, la namna hii hakulitayarishia kitu.

"Nikikataa kutia sahihi?" dada aliuliza.

"Litaingia hivyo hivyo. Wataandika mwenyewe hakuafiki, basi. Mahakamani unaweza kwenda, lakini..."

"Nikamshitaki kaka yangu. Nikamvunjie watoto chumba." Akatikisa kichwa. "Na wewe wakufukuze kazi."

"Mimi si kitu, dada."

"Wewe si kitu tangu lini? Mgongo huu unaouma ulimbeba nani?"

Kutoka chumba cha pili mkuu aliita kwamba imebaki robo saa. Dada alivuta daftari, akatafuta jina lake kwa kidole, akasoma namba iliyoandikwa mbele yake kwa sauti ya chini, tarakimu moja moja, kisha akatia sahihi. Alichukua muda, maana aliandika jina zima. Pande Nne alilipokea daftari akaligonga muhuri mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yake na hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

"Sasa nipe kipande cha karatasi," dada alisema. "Niandikie ile namba ya kweli. Mvua ziko karibu, nataka kujua nipande mbegu kiasi gani, nyingine nimrudishie bwana shamba."

Aliandika 3,577, kubwa, ili asiisome kwa taabu. Dada aliishika karatasi mbali kidogo na macho.

"Una hakika na hii?"

"Nimepima mwenyewe, dada. Kona hadi kona."

"Na ile ya siku ile, ulikuwa na hakika?"

Pande Nne alimtazama. Hakuwa na pa kukimbilia, wala hakutaka tena kumdanganya.

"Nilikuwa na hakika zaidi ya leo," alisema.

Dada alibaki ameishika karatasi, anamtazama mdogo wake na kuitazama namba, kwa zamu. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akachukua mwavuli wake akatoka.